Jicho Lililobaki

Ukiolewa na fundi wa kuchomelea vyuma, huishiwi viazi ndani. Si vya kupika. Ni vya kumwekea mumeo machoni siku akirudi kazini anatiririkwa na machozi kama mtoto aliyenyang'anywa pipi, akikwambia macho yamejaa mchanga. Hakuna mchanga wowote. Ni ule mwanga mkali wa mashine umempiga, kwa sababu alikuwa na haraka zake na akaona kushusha ngao ya uso ni kupoteza muda. Basi unamlaza, unakata kiazi kibichi vipande vyembamba, unamfunika navyo kope, na baada ya siku moja au mbili anaona tena na kukusumbua tena.

Mama Rula alikuwa ameifanya kazi hiyo tangu enzi za uchumba. Kwa mumewe alihitaji kipande kimoja tu, maana jicho la kushoto lilikufa zamani, siku kipande cha chuma kilipochomoka kwenye jiwe la kusagia vyuma na kulipasua. Tangu siku hiyo mtaa ulimwita Fundi Chongo. Yeye hakukasirika. Alisema jina hilo linamletea wateja, kwa kuwa mtu akiulizia fundi gani, hakuna wa kumchanganya naye. Jicho la kulia ndilo lililobaki, na ndilo lililoilisha nyumba.

Asubuhi moja fundi aliamka na malengelenge kwenye paji la uso. Yalianzia kwenye nywele yakashuka upande wa kulia hadi kwenye kope, na moja dogo lilijitokeza peke yake kwenye ncha ya pua. Jicho lilikuwa jekundu na lilimuuma hadi ndani ya kichwa.

"Cheche hizi," alisema fundi. "Jana nilikuwa nachomelea juu ya kichwa, zikaniangukia."

"Kweli, cheche," mkewe akajibu, akaenda kutafuta kisu na kiazi.

Alikubali haraka mno, na alijua kwamba amekubali haraka mno. Cheche hazichagui upande. Malengelenge yale yalijaa nusu moja ya paji na kukomea katikati kabisa, kama kwamba mtu ameyapimia mstari. Mama Rula alikuwa ameshayaona. Kaka yake yalimtokea ubavuni, yakaitwa mkanda wa jeshi, na kabla hayajakauka watu walikuwa wameshampima damu kwa midomo yao, wakamkuta na ukimwi. Wageni waliacha kunywa chai kwao. Mchumba wake alirudisha pete, tena kwa kumtuma mdogo wake. Kaka mtu ngozi ilipona, lakini alihama mji, na hata sasa akipiga simu huuliza kwanza kama bado wanamsema.

Kwa hiyo Mama Rula alikata kiazi kile vipande vyembamba kuliko siku zote, akamwekea mumewe jichoni, akaomba Mungu ziwe cheche.

*

Rula alikuwa binti yao wa pekee. Jina hilo alilipata karakanani, alipokuwa mdogo akimshikia baba yake rula na chaki huku akimkaripia kama bosi: "Baba, mstari umepinda!" Sasa alikuwa nchi za mbali akitunza wazee wa watu wengine. Miaka ilikuwa imepita bila yeye kurudi, na hatimaye alikuwa amepata likizo. Mwisho wa mwezi angekuwa nyumbani.

Siku aliyoondoka, alipita karakanani kuaga, begi mkononi, gari likimngoja nje huku dereva akipiga honi. Fundi alionekana yuko katikati ya kazi. Hakuinua ngao ya uso. Alisema kutoka humo ndani, "Nenda salama. Nimeshika kiungo, nikiachia kitapinda." Binti alisimama mbele ya kile kioo cheusi, akajiona mwenyewe tu, akageuka akaondoka. Jioni yake Mama Rula ndiye aliyeifuta ngao ile, na kwa ndani aliikuta imelowa. Lakini Rula hakuyajua hayo. Aliondoka akiamini baba amemkasirikia kwa kwenda mbali.

Na fundi, mtu wa kutaniana na kila apitaye, kwa jambo hilo mdomo ulikuwa mzito. Alishindwa kulisema kwenye simu. Alichoweza ni kumwambia mkewe, tena na tena, wakiwa wamekaa tu: "Akija nitamtazama mpaka achoke. Nitamtazama mpaka aseme, baba, basi."

Siku ile ya malengelenge Rula alipiga simu mchana, ile ya kuonana sura.

"Mama, geuza simu nimwone baba."

"Baba yako amelala."

"Saa hizi?"

"Mwanga ulimpiga."

"Umemwekea kiazi?"

"Nimemwekea."

Rula akacheka. "Mwambie asije akanifanyia hivyo siku nikifika. Nataka aniangalie, mama. Hata kama bado ana hasira, aniangalie."

Mama Rula alimwambia asiwe na wasiwasi, akakata simu, akakaa nayo mapajani. Kitandani fundi alikuwa macho, kiazi jichoni, amesikia kila neno.

Jioni akaja jirani yao, mshona nguo, mama wa kutaka kujua kila chungu cha mwenzake kina nini.

"Nasikia shemeji kaungua."

"Cheche."

"Pole zake." Akanyoosha shingo kuchungulia chumbani. "Mbona zimemwangukia upande mmoja tu?"

"Alikuwa amelalia ubavu."

"Anachomelea amelala?"

"Kazi za siku hizi, dada," Mama Rula akasema, akamsindikiza hadi mlangoni kabla hajakaribishwa kukaa.

*

Malengelenge yalianza kukauka na kufanya magamba. Fundi alivaa kofia akaishusha hadi kwenye nyusi, akarudi karakanani. Alikuwa anatengeneza mlango wa chuma wa chumba cha Rula, wenye nondo za mapambo kwa juu, na alitaka uwe umefungwa na kupakwa rangi kabla binti hajafika. Kila alipoulizwa kuhusu jicho alisema linaendelea vizuri.

Mchana mmoja Mama Rula alimpelekea chakula akakuta karakana haina mtu. Mlango ulikuwa umeegemezwa ukutani. Akausogelea kuutazama, maana ulikuwa wa mwanawe. Kwa chini ulikuwa mzuri ajabu, viungo vimeshikana vizuri kama mshono wa cherehani. Akapandisha macho. Kwa juu, nondo zilikuwa hazijashikishwa. Pembe zote mbili za fremu zilikuwa zimebanwa kwa nukta moja moja tu, zile za kushikiza kwa muda. Mtoto akiuning'inia, ungemwangukia.

Fundi akaingia amebeba kopo la rangi. Mlangoni palikuwa na mnyororo wa kunyanyulia vyuma, ambao ulining'inia hapo tangu karakana ifunguliwe na ambao kila siku aliukwepa bila kufikiri. Safari hii ulimgonga usoni.

"Baba Rula, mlango umemaliza?"

"Nimemaliza. Bado rangi tu."

"Na huku juu?"

"Juu kuna nini?"

Mkewe alimsogelea. Alimshika mkono, akaupandisha, akauweka kwenye pembe ya fremu. Vidole vya fundi vilipapasa pale, vikaenda kwenye nondo ya kwanza, ya pili, vikarudi. Akaliweka kopo chini.

"Tangu lini?" mkewe akauliza.

"Juzi. Niliamka nikaona kama mtu ameshusha pazia kutoka juu. Nikasema litapanda lenyewe."

"Mbona hukuniambia?"

"Na wewe mbona hukuniambia kwamba si cheche?"

Chakula kilipoa juu ya meza ya vyuma. Mama Rula akasema tu, "Vaa viatu vya kutokea. Twende hospitali."

*

Kwenye dirisha la kadi alikaa dada mmoja mwenye kucha ndefu na sauti ya kuuzia samaki.

"Anaumwa nini?"

Mama Rula akainama, akasema kwa sauti ya chini.

"Mkanda wa jeshi?" dada akarudia, na benchi zima likageuka. "Wa usoni? Basi mpitishe kwanza akapimwe damu, kile chumba cha mwisho kule!"

"Dada yangu," fundi akasema, "paza sauti kidogo, wale wa nyuma kabisa hawajasikia."

Watu wakacheka, na hata yule dada akaona haya akaanza kupangapanga karatasi zake. Mama Rula hakucheka. Alitamani ardhi ipasuke immeze. Alimshika mumewe mkono wakapita mbele ya benchi, na alihisi macho ya watu yakiwasindikiza hadi mwisho wa ukumbi.

Daktari wa macho alikuwa mwanamke wa makamo aliyezungumza polepole. Alimdondoshea fundi dawa, akangoja mboni ipanuke, kisha akamulika ndani ya jicho kwa muda mrefu. Mama Rula alimtazama usoni akitafuta dalili, asipate.

"Utotoni uliwahi kuumwa tetekuwanga?"

"Nani hakuumwa, daktari?"

"Basi virusi vyake havikuondoka. Vilijificha kwenye mshipa wa fahamu vikalala miaka yote hii. Mwili ukichoka, au umri ukisogea, huamka na kuufuata mshipa ule ule hadi kwenye ngozi. Vyako vimefuata mshipa unaohudumia paji la uso na jicho." Akavuta kiti karibu. "Vimeingia ndani ya jicho, na kuta za mishipa ya damu zimevimba. Mishipa hiyo ni myembamba kama uzi. Ukuta ukivimba, njia inaziba na damu haipiti. Na sehemu ya jicho iliyokosa damu haina subira, baada ya saa chache inakufa."

"Mimi sioni juu."

"Kwa sababu mshipa ulioziba ni wa chini. Picha inaingia jichoni kichwa chini miguu juu. Ikifa sehemu ya chini, unachokosa kuona ni cha juu."

Fundi alitafakari. Mabomba alikuwa ameyaunga mengi, hilo la kuziba halikumpa taabu. "Likizibuliwa?"

"Palipokufa hapafufuki, baba. Nakwambia ukweli ili usidanganywe na mtu mwingine. Tunachopigania sasa ni nusu iliyobaki. Virusi bado vimo, na mishipa mingine inaweza kufuata. Utalazwa uwekewe dawa ya mshipa, kisha vidonge vya muda mrefu. Na mashine ya kuchomelea usiiguse mpaka mimi nikwambie."

Akachukua karatasi ya maabara. "Damu yako haina lile ambalo watu wanalifikiria."

Mama Rula akashusha pumzi kwa nguvu hata yeye mwenyewe akajisikia. Daktari akamgeukia.

"Na hata lingekuwemo, mama, dawa zake zipo, na jicho hili tungelitibu hivi hivi. Kilicholiumiza ni kuchelewa. Lile lengelenge la puani lilikuwa linawaambia kwamba jicho liko hatarini. Mngekuja lingali bichi, huenda tungewahi. Mlikuwa mnaweka nini?"

Mama Rula alitazama sakafu.

"Kiazi," fundi akajibu. "Mimi nilimwambia ni cheche. Yeye alifanya nilichomwambia."

Walipotoka nje ya chumba, Mama Rula aliegemea ukuta akalia, mtandio mdomoni, bila kujali benchi wala dada wa dirishani. Alilia kwa ajili ya zile siku. Alikuwa amemlinda mumewe asisemwe, na wakati anamlinda jicho lilikuwa linakosa damu chini ya kipande cha kiazi alichokikata yeye. Fundi alipapasa akampata bega.

"Kuna nusu," alisema. "Usinizikie nusu iliyo hai."

*

Aliporuhusiwa kurudi nyumbani, siku zilianza kwa namna moja. Fundi alifumbua jicho, akatafuta kikombe cha bati kilichokaa juu ya kigoda pembeni mwa kitanda, na Mama Rula alilala kimya ubavuni pake, hapumui vizuri, mpaka amsikie akisema, "Nakiona kikombe." Hapo ndipo aliponyanyuka kwenda kuwasha jiko. Kulikuwa na asubuhi moja ambayo fundi alikawia kusema, na mkewe alihisi damu yake mwenyewe imesimama. Kumbe mwenzake alikuwa amepitiwa na usingizi tena.

Alijifunza kutembea upya. Kichwa cha mtu kilikuwa kimepotea, alichoona ni kifua, mikono na viatu. Kumwona mtu uso ilimbidi ainue kidevu, atazame juu ya kichwa cha mtu huyo, mahali pasipo na kitu, ndipo uso ule uteremke kwenye nusu inayoona. Mtaani wakaanza kusema Fundi Chongo siku hizi ana maringo, anapita akitazama mawingu. Mshona nguo aliapa kwamba amemsalimia na hakutazamwa. Fundi aliyasikia akacheka, na mkewe hakuona cha kuchekesha.

Mlango wa Rula ulimaliziwa na fundi mwingine. Mwenyewe alikaa kwenye kigoda akisikiliza mashine ikinguruma kwenye mikono ya mtu mwingine, uso ameugeuzia ukutani kama alivyoamriwa. Hilo lilimchoma kuliko sindano zote za hospitali.

"Rula usimwambie," alimwambia mkewe jioni. "Nitamwambia mwenyewe."

"Atafikiri humtazami."

"Nitamtazama. Simama hapo, nijizoeze."

Mama Rula alisimama katikati ya chumba, mikono haijui pa kukaa. Mumewe aliinua kidevu polepole, akapita usawa wa paji lake, akaenda hadi kwenye dari, akatulia hapo. Alimtazama hivyo kwa muda mrefu. Ilikuwa miaka mingi tangu Mama Rula atazamwe kwa bidii kiasi hicho, na alitamani, kwa uchungu uliomshangaza, lile jicho la zamani lililokuwa likimpitia tu akipita na beseni la nguo, lisilohitaji kumtafuta.

"Umezeeka vizuri," fundi akasema.

"Nyamaza wewe."

*

Fundi alikataa kwenda uwanja wa ndege. "Nitamsubiri karakanani," alisema. "Pale pale aliponiacha."

Mama Rula alikwenda peke yake. Alipomwona binti yake akitokea na toroli la mizigo, amekonda kidogo, nywele fupi, alimkumbatia mpaka watu wakalazimika kuwazunguka. Kwenye teksi Rula alishika mkono wa mama yake njia nzima, akauliza habari za kila mtu, na kila mtaa walioupita aliuliza: "Baba anasemaje?" Mama akajibu, "Anakungoja." Alikuwa ameahidi, akajikaza asiseme zaidi.

Karakana ilikuwa imefagiliwa. Mnyororo wa mlangoni ulikuwa umefungwa pembeni. Fundi alisimama katikati amevaa shati lake la kwenda mialikoni, na ngao ya uso ilining'inia msumarini nyuma yake. Rula alilitua begi kizingitini.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Marahaba."

Fundi aliinua kidevu. Jicho lake lilipanda juu ya uso wa binti yake, likapita nywele, likaenda kutua kwenye mabati ya paa. Mama Rula akaona uso wa mwanawe ukibadilika, ukawa ule ule wa siku ya kuondoka. Akauma meno.

"Baba, bado?"

"Bado nini?"

"Bado huwezi kunitazama?" Sauti ya Rula ikapasuka. "Nimetoka kote huko, baba. Nimehesabu kila mwezi. Nilikukosea nini?"

"Nakutazama, mwanangu," fundi akasema, na jicho lake halikutoka kwenye mabati. "Una kovu kidevuni, hukuondoka nalo. Shingoni una mkufu wa mama yako, ule niliomnunulia mimi. Na sasa hivi unauma mdomo wa chini ili usilie. Ulikuwa hivyo hivyo tangu unanishikia chaki."

Rula akauachia mdomo.

"Jicho halioni tena nusu ya juu," baba yake akasema. "Niliumwa. Nikikutazama usoni, nakukosa. Nikitazama bati, nakupata."

Rula akamgeukia mama yake. Mama Rula akatikisa kichwa kukubali, kisha akasema lile lililomkaa kifuani tangu hospitali: "Nilijua mapema, mwanangu. Niliogopa maneno ya watu, tukachelewa."

Nje gari lilipiga honi, likapita.

"Na siku ile?" Rula akauliza, taratibu. "Siku ile uliona vizuri."

Fundi akaigeukia ngao iliyokuwa msumarini. "Siku ile nilikuwa nalia humo ndani. Nikaona haya. Hakukuwa na kiungo chochote nilichokishika, mwanangu. Kazi nilikuwa nimeshaimaliza kabla hujafika."

Rula aliipita ile rula ya chuma iliyoegemea mezani, akavuta kigoda kifupi alichokikalia utotoni, akakileta hadi mbele ya miguu ya baba yake, akakaa chini kabisa, akainua uso.

"Teremsha kidevu, baba," alisema. "Tazama mbele tu, kama zamani."

Fundi akateremsha kidevu kidogo kidogo, kama mtu anayeshusha kitu cha kuvunjika, mpaka alipokuwa anatazama mbele sawasawa. Akatulia hapo.

"Unaniona?"

"Nakuona wote."

Mama Rula alilichukua begi kizingitini akataka kuingia nalo ndani, akashindwa kuondoka. Baba alimtazama binti. Alimtazama bila mzaha wowote, machozi yakimshuka kutoka jicho lile lililo hai na lile lililokufa, wala hakuyafuta. Alimtazama mpaka Rula akacheka, akalia, akaficha uso mikononi kwa haya kisha akautoa tena.

"Baba, basi."

"Bado," fundi akasema. "Bado kidogo."